Land Rover Yenye Pua ya Trekta

Mwisho wa mwaka 2019 niliinywesha Land Rover maji, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Ilikuwa ile Series III ya dizeli niliyoachiwa na marehemu mjomba, gari la 1978 ambalo milango yake haifungiki mpaka uibamize mara mbili. Mvua za vuli zilikuwa zimekataa kuisha. Nilifika kwenye mtaro uliofurika kando ya mashamba ya mpunga ya Ahero, nikamwona mtu wa bodaboda akisukuma pikipiki yake hadi ng'ambo, nikajiambia kama huyu kavuka, mimi nina magurudumu manne. Nikaingia kwa kasi. Maji yakapanda boneti, injini ikatoa kishindo kimoja kizito, kama nyundo imeangukia ndani ya sufuria, ikanyamaza.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nachora pistoni ubaoni na kuwaambia wanafunzi kwamba hewa inabanika, maji hayabaniki. Hesabu yenyewe ni fupi. Injini ile ni lita 2.25, silinda nne, na hewa inabanwa mara 23. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 26, chini ya vijiko viwili vya mezani. Maji yakizidi hapo, pistoni haina pa kwenda, na kinachopinda ni konrodi, ile fimbo ya chuma inayoisukuma na kuivuta pistoni. Yangu ilipinda ya silinda ya tatu. Mshahara wa miezi miwili ulikwenda hapo, na ya kuwaeleza nyumbani sikuwa nayo.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Nikawa mtu wa kukaa nyumbani Kisumu na kulitazama gari. Mvua za masika nazo zikaja vibaya kuliko za vuli. Mto Nyando ulivunja kingo, Ziwa Victoria likapanda mpaka fukwe za Dunga zikamezwa, na huko Budalang'i Mto Nzoia ulikuwa ukiwafukuza watu kama kawaida yake. Dani, mama yake mama, alikuwa bado kwake upande wa Ahero, na kwa simu alikuwa anasema maji "yamekaa tu uani, hayajaingia ndani." Siku ya tatu alipokariri maneno hayo hayo nikajua yameingia.

Nilimwendea fundi mmoja mzee karibu na soko la Kibuye, Mmaragoli mwenye barakoa iliyoshuka kidevuni muda wote. Nilimwambia nataka bomba la kuvutia hewa juu, lile linalopanda kando ya kioo kama kwenye magari ya watalii. Duka moja mjini lilikuwa nalo, la plastiki, bei ya ng'ombe. Hakunijibu kuhusu bomba.

"Mwalimu, hii gari inapumulia wapi?"

Nikamwonyesha rejeta. Alicheka mpaka akakohoa, na siku hizo mtu akikohoa watu walisogea kando. Akafungua boneti, akaweka mkono wangu kwenye mdomo wa chujio la hewa, lile la zamani la kuoga mafuta: kopo la chuma lenye bakuli la oili chini, hewa inapita juu ya oili na kuacha vumbi lake humo. Alisema mimi nimenunua konrodi bila kujua pua ya gari iko wapi.

Vitu vyenyewe tulivipata kwa kuokota, siku mbili, tukizunguka kwa wauza skrapu. Bomba la kwanza lilikuwa la ekzosi, inchi mbili. Lilipendeza. Tulilifunga, nikalijaribu kwenye mlima wa Riat, na kabla sijafika katikati nyuma yangu kulikuwa na moshi mweusi wa kumficha mtu. Injini ilikuwa inakabwa koo. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inataka karibu lita 2,000 za hewa katika dakika hiyo, na huwezi kuipitisha yote hiyo kwenye tundu la inchi mbili halafu utegemee nguvu. Tukashuka. Inchi tatu inapitisha zaidi ya mara mbili ya inchi mbili, kwa kuwa upana wa tundu unapigiwa hesabu kwa mraba. Fundi hakuhitaji mraba. Alisema tu, "Hii ilikuwa mrija wa soda."

Bomba la inchi tatu lilitoka kwa lori lililoviringika, lile bomba la hewa linalosimama nyuma ya kabini. Kona ya mpira mnene ilitoka kwa lori jingine. Na kichwa chake, ambacho ndicho ninachokipenda mpaka leo, kilikuwa cha trekta la Massey Ferguson lililozeeka kwenye mashamba ya miwa ya Chemelil: kile kikombe kama uyoga kinachokaa juu ya boneti ya trekta. Ndani yake kuna mapezi yanayoizungusha hewa, vumbi na matone ya maji yakatupwa pembeni kabla hewa haijashuka. Kazi ya kukata madigadi niliifanya mwenyewe. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, sumaku haishiki na mashine ya fundi ya kuchomelea haikuwa na kazi hapo, kwa hiyo nilitoboa vitundu vidogo kwa duara, nikapiga tupa, tukafunga kwa riveti za mkono. Kingo zake hazikuwa duara kamili. Hazijakuwa mpaka leo.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshaipiga picha na kumtumia shemeji. Fundi akapanda juu ya gurudumu, akawasha injini kwa kuniashiria, akatoa kile kikombe cha trekta na kuziba bomba kwa kiganja.

"Ikizima, twende. Isipozima, hujafanya kitu."

Haikuzima. Iliendelea kunguruma kana kwamba hakuna aliyeishika pua. Maana yake hewa ilikuwa inaingia kwingine, chini, mahali ambapo maji yangefika kwanza. Nikiri kwamba niliona aibu, hasa kwa ile picha.

Tulikaza klampu zote. Bado. Tukapaka silikoni kwenye kona. Bado. Ndipo alipoingia kibandani mwake akatoka na dawa ya mbu, ile ya kijani iliyojikunja kama konokono, ameiwasha. Akaipitisha polepole chini ya kila kiungo huku injini ikiwa silensa, inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta. Moshi ulipanda wima kwenye klampu ya kwanza, ukapanda wima kwenye kona, na ulipofika chini ya chujio ukapinda wote, ukaingia kwenye ufa kama uzi unaovutwa na sindano. Mpira wa duara kati ya kopo na bakuli la oili ulikuwa umekauka na kukatika upande wa nyuma, usikoonekana. Bomba letu lote lilikuwa pambo. Alikata mpira mpya kutoka kwa tyubu ya lori, akaupaka grisi, akafunga bakuli, akapanda tena na kuziba kwa kiganja. Injini ikakoroma mara mbili, ikazima. Kiganja chake kilinyonywa mpaka kikatoa mlio wakati wa kukibandua.

Akanipa maagizo ya mwisho. Chini ya hauzingi ya klachi kuna tundu dogo; siku za kawaida huachwa wazi ili oili inayovuja idondoke, ukienda majini unalifunga kwa kizibo, ukitoka unafungua. Fenbelti niitoe kwenye kina, feni isije ikairushia injini maji. Diferensho, yale maboksi ya gia katikati ya ekseli, ziachwe zipoe kwanza, kwa kuwa chuma cha moto kikizama ghafla kinanyonya maji kupitia sili. Na polepole, mwalimu, polepole. Dawa ya mbu iliyobaki akanitupia dashibodi.

Niliondoka asubuhi, kwa kuwa saa moja jioni kafyu ilikuwa inafunga barabara. Nilivuka Nyamasaria, nikafika Ahero, nikakata kuelekea mpunga. Vitu vingi vya safari ile sivikumbuki. Nakumbuka nimevuta kishikio chekundu, kile cha gia za nguvu na magurudumu yote manne, gia ya kwanza, maji yamefika kwenye taa, na wimbi dogo likitangulia mbele ya bampa bila kulipita gari. Nakumbuka nilikuwa nasikiliza upande wa kushoto wa kichwa changu, ambako hakukuwa na kishindo.

Dani alikuwa ameketi juu ya meza, kuku wanne kwenye kapu, redio mapajani. Hakukubali kwenda Kisumu. Alisema huko kuna ugonjwa. Nimpeleke shuleni, ambako majirani zake wamekwisha kupanga magodoro. Nilipomwinua kuingia kwenye gari alilitazama bomba kwa muda.

"Nyakwara," aliniita, yaani mjukuu wangu kwa Kijaluo, "gari lako linapikia juu?"

Tulipofika pakavu nilifungua kizibo, yakatoka matone machache ya maji yenye oili. Nikafungua bakuli la chujio nikiwa na moyo mkononi. Oili ilikuwa nyeusi, safi, haijageuka rangi ya chai ya maziwa. Niliinua kichwa kumwambia, lakini Dani hakuwa ananitazama. Alikuwa ameichukua ile dawa ya mbu kutoka dashibodi, anaigeuza kutafuta mahali ilipozimikia.

"Hii unanipa," alisema. "Na kiberiti."