Mzee Asiyeonekana Katika Takwimu za Kujitoa Uhai

Kila Septemba 10, ulimwengu unapoadhimisha siku ya kuzuia watu kujitoa uhai, magazeti yetu hapa Kenya huchapisha picha ya kijana aliyeinamisha kichwa. Sina ugomvi na picha hiyo, kwa kuwa duniani kote kujitoa uhai ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya walio kati ya miaka 15 na 29. Hata hivyo, niliposoma takwimu za nchi yetu kwa utulivu, nilimwona mtu mwingine ambaye sijawahi kumwona katika picha hizo: baba wa miaka sitini au sabini.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu 6.1 kati ya kila 100,000 nchini Kenya walijitoa uhai. Shirika hilo hilo hutoa tarakimu ya pili, iliyosawazishwa kwa umri, ambayo huonyesha hali ingekuwaje iwapo idadi ya vijana na wazee wetu ingelingana na kigezo kinachotumiwa kulinganisha mataifa yote. Tarakimu hiyo ni 11.0. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji, kisha nikaelewa. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba takribani robo tatu ya Wakenya wana umri usiozidi miaka 35, na kama hatari ingekuwa sawa kwa rika zote, usawazishaji huo usingebadilisha chochote. Inapokaribia kuongezeka maradufu, maana yake ni kwamba hatari hupanda kadiri umri unavyosonga, ila wazee wetu ni wachache mno hivi kwamba msiba wao humezwa na wingi wa vijana. Kwa idadi ya vifo, vijana ndio wanaoonekana. Kwa kiwango cha hatari, mzee amewatangulia, na hakuna anayempigia simu kumuuliza amelalaje.

Upande wa jinsia haushangazi sana. Kwa makadirio ya mwaka huo, wanaume walikuwa 9.1 kwa kila 100,000, na wanawake 3.2. Mwanamume aliyefunzwa tangu utotoni kujikaza kisabuni hufika hospitalini akiwa amechelewa, au hafiki kabisa, na anayestaafu au kufiwa na mkewe hupoteza kwa mpigo mmoja kazi, heshima na msikilizaji wa pekee aliyekuwa naye. Lakini tusimwondoe mwanamke katika hesabu hii kwa haraka. Tafiti za mataifa mengi zinaonyesha kwamba wanawake hujaribu kujiua mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na takwimu za vifo, kwa asili yake, hazina safu ya kumwandika aliyenusurika.

Sasa nije kwenye daftari la polisi, ambalo ndilo hunukuliwa zaidi. Kati ya Aprili na Juni 2021, Idara ya Upelelezi wa Jinai ilihesabu visa 483, wa umri mdogo kabisa akiwa na miaka 9 na mkubwa kabisa 76. Taifa lilishtuka, kwa kuwa wastani uliokuwa umezoeleka ulikuwa takribani visa 320 kwa mwaka mzima. Mimi nilichukua kalamu nikapiga hesabu nyingine: 6.1 kwa kila 100,000, katika nchi ya watu milioni 47.6, ni karibu vifo 2,900 kwa mwaka. Hata tukikubali kwamba makadirio hukosea, pengo hilo ni la mara tisa.

Pengo hilo lina historia yake. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kutoka kwa wakoloni, kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka miwili, na familia iliyokuwa na mgonjwa ilijifunza kusema kwamba ameanguka tu, au amekunywa dawa kimakosa. Aliyekufa naye huelezwa mazishini kuwa aliugua kwa muda mfupi, na katika baadhi ya jamii zetu huzikwa haraka, bila hotuba. Nimehudhuria mazishi ya namna hiyo, na kila aliyekuwapo alijua, akatazama chini.

Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyofikishwa mahakamani na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya pamoja na wenzake. Kwa mtazamo wangu, uamuzi huo una uzito kuliko kampeni zote za Septemba, kwa sababu anayenusurika anaweza kumweleza daktari ukweli bila kuogopa pingu. Aliye katika hali hiyo usiku huu anaweza pia kupiga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, akasikilizwa.

Mkakati wa serikali wa miaka 2021 hadi 2026 ulilenga kupunguza vifo hivi kwa asilimia 10. Ikiwa familia zitaanza kusema ukweli, daftari la polisi litaonyesha kupanda, si kushuka, na ninahofia kwamba siku hiyo waziri fulani atasimama mbele ya kamera kuomba radhi kwa jambo ambalo kwa kweli lingekuwa dalili ya kwanza ya nafuu.