Papa mkavu na kaburi la Shakespeare

Mjomba wangu alikuja kunitembelea Birmingham mwaka 2009. Katika wiki mbili alizokaa, jambo moja tu aliliomba mwenyewe: kupelekwa kwenye kaburi la Shakespeare. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili mstaafu, mzaliwa wa Pangani, na huyo bwana alimjua kupitia tafsiri za Mwalimu Nyerere. "Mtu umemfundisha miaka thelathini," alisema, "hata kwenda kumsalimu huendi?" Tukapanda treni ya Stratford asubuhi, yeye kavaa makoti mawili.

Kaburi limo ndani ya kanisa la Holy Trinity, kando ya mto Avon, karibu na madhabahu. Nilitarajia jina kubwa. Jina halipo kabisa. Kuna mistari minne tu iliyochongwa kwenye jiwe.

"Haya, nisomee," alisema mjomba. Mwenye shahada ya Kiingereza ndiye mimi, na ada alilipa yeye.

Mistari miwili ya kwanza haikunisumbua, ingawa Yesu kaandikwa kwa I badala ya J, na U zimekuwa V: rafiki mwema, kwa ajili ya Yesu, usichimbe vumbi lililofungiwa hapa. Wa tatu ndio ulionitia aibu. Yameandikwa YE MAN YT SPARES, na zile E na T ni ndogondogo, zimepandishwa juu ya Y. Ye naijua, nikajiambia. Ni "ninyi" ya Biblia ya zamani. Nikatamka kwa sauti ya kutosha kanisa zima: "Mbarikiwe ninyi, enyi mtu..."

"Enyi mtu?" Mjomba alinitazama. "Ni mmoja au ni wengi?"

Na ile YT sikuwa na hata la kubahatisha.

Bibi mmoja wa kujitolea, aliyekuwa akiongoza wageni, akatusogelea. Alieleza taratibu, nami nikawa namfasiria mjomba. Hiyo si Y. Zamani Waingereza walikuwa na herufi moja ya sauti ya th, ikiitwa thorn, yaani mwiba. Waandishi wa mkono, ili kubana nafasi na kuokoa muda, waliandika mwiba na kaherufi kadogo juu yake: mwiba na e ni the, mwiba na t ni that. Kadiri miaka ilivyokwenda, mwiba katika hati zao ukafanana na Y mpaka usiweze kuzitofautisha. Halafu William Caxton akaleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, na herufi za kuchapia za kutoka Bara la Ulaya hazikuwa na mwiba. Wachapaji wakachukua Y iliyokuwapo sandukuni. Msomaji wa wakati ule alitamka the bila kusita. Kwa hiyo jiwe linasema: abarikiwe mtu yule atakayeyaacha mawe haya, na alaaniwe atakayeihamisha mifupa yangu. Basi.

Nilidhani mjomba atanicheka. Badala yake akacheka peke yake, mpaka akaketi kwenye benchi.

"Baba mkavu," alisema.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Babu yangu alikuwa akisafiri na jahazi, na barua zake aliziandika kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, kama wazee wengi wa pwani. Kiarabu hakina P wala V. Wazee wakaazima: B ikabeba na P, F ikabeba na V. Siku moja ikaja barua na furushi, na mjomba, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, chuo cha Kurani, kwa kujua kusoma, akawasomea mama zake kwa madaha: "Nimekuleteeni baba mkafu." Wanawake walilia kwa kicheko. Babu alikuwa ameleta papa, wa kuokwa na kutiwa nazi.

"Herufi imekosekana, mtu kaazima ya jirani," alisema mjomba akipangusa macho. "Na msomaji akiwa mgeni, anazaliwa baba mkavu. Leo amekuzaa wewe." Akanitaka nimfasirie bibi yule. Nilifasiri, ingawa papa wa nazi aliniwia vigumu kuliko mwiba.

Njiani kuelekea mlangoni tulikuta kitabu cha wageni. Mjomba akaomba kalamu, akaandika kutoka kulia kwenda kushoto. Nilichungulia, nami chuoni nilipelekwa kwa fimbo.

"Mjomba, umeandika Bangani."

"Kwani wewe umesoma nini?"

"Nimesoma Pangani."

"Sasa?" alisema, akanirudishia kalamu nimpe bibi.