Likizo ya Gofu kwa Anayeanza: Navuka Ziwa, Siendi Scotland

Tangu niropoke pale kijiweni Kirumba, Mwanza, kwamba likizo ya mwaka huu ni ya gofu, nashauriwa na watu ambao hawajawahi kushika fimbo. Mmoja ananipeleka Dubai. Mwingine kaona mashindano kwenye televisheni, anasema kama ni gofu basi ni St Andrews, Scotland, kwenye chimbuko lenyewe. Jamani, mimi nauza nyavu na kamba za uvuvi.

Gofu nimejifunzia Mwadui, kwenye mji wa mgodi wa almasi. Shemeji yangu anaishi huko, na ndiye aliyeniambukiza. Fimbo namba saba naipiga vizuri asubuhi. Jua likishakolea, mpira unajiendea unakotaka.

Sisemi kwamba St Andrews hakuna nafasi ya mtu wa namna yangu. Pale kuna viwanja saba vya umma, na kimojawapo, Balgove, kina mashimo tisa na kinawafaa hasa wanaoanza na watoto. Ila ule Old Course wa kwenye televisheni wanataka handikapu, yaani hesabu rasmi ya mapigo ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, na Jumapili kwa kawaida hauchezwi, wenyeji wanapitisha mbwa wao. Sasa nihangaikie viza ya Uingereza, nikate tiketi, ninunue koti zito, halafu nikacheze Balgove na watoto wa shule? Handikapu ya juu kabisa inayotambuliwa duniani ni 54, takribani mapigo matatu ya ziada kwa kila shimo. Mimi hata hiyo sijaandikishiwa.

Kwa hiyo nakwenda Entebbe, Uganda. Kiwanja chake kina mashimo 18, ni miongoni mwa vikongwe vya Afrika Mashariki, na kinateremkia ziwa hili hili tunalovua sisi. Kigali nako nilikufikiria; kiwanja chao kipya kimesanifiwa na Gary Player, bingwa wa gofu wa Afrika Kusini, lakini kipya na kizuri vinanitisha bado. Jinja tutapita siku ikitosha, pale Nile inapotokea ziwani. Kiwanja chao kinasifika kwa kanuni moja ninayoipenda kuliko zote: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unaruhusiwa kuutoa.

Aliyemaliza ubishi ni mke wangu. "Baba Neema, mimi sikai kwenye kiti cha plastiki kutwa nzima namwangalia mtu anatafuta mpira." (Kisheria mpira unatafutwa dakika tatu tu, lakini sikumjibu.) Entebbe ana Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa 1898, jirani kabisa na uwanja. Yeye atazunguka na miti, mimi na kedi, yule mbeba mfuko wa fimbo, tukutane mchana kwenye samaki.

Njia: meli ya usiku hadi Bukoba, kisha gari kama kilomita 80 hadi mpakani Mutukula, halafu Masaka hadi Entebbe. Kurudi tutapita barabarani, maana tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa na ile foleni ya kivuko imekwisha. Viza hatuhitaji, ila hati ya kusafiria lazima, na kadi ya homa ya manjano. Chanjo inaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo msiende kuchoma mkiwa na tiketi ya kesho mkononi. Ukishachanja ni ya maisha.

Uwanjani nimejiwekea masharti. Nacheza katikati ya wiki, kwa sababu mwishoni mwa wiki wanachama wana mashindano yao na sitaki watu wanne wenye haraka wasimame nyuma yangu. Nalipia mashimo tisa kwanza. Naanzia tii za mbele, yaani sehemu za kuanzia zilizo karibu na shimo, wacheke wakitaka. Nikifikisha mapigo mara mbili ya yanayotakiwa, naokota mpira na kusogea. Shati lenye kola, jinzi inabaki nyumbani. Na kedi nitamkodi kwa gharama yoyote ile: anajua mteremko unaupindishia mpira wapi, anauona mpira mimi nikiwa bado nashangaa angani, na ananyamaza pale shemeji yangu angeanza kuhubiri. Bahasha yake naitenga kabla ya hela ya hoteli.

Kuhusu mwezi, nimelenga Julai. Machi hadi Mei mvua ya upande ule si ya kuchezea.

Kimebaki kikwazo kimoja, na wanaotumia mkono wa kulia hawakijui: mimi ni mashoto. Fimbo za kukodi karibu zote ni za kulia. Nimepiga simu Entebbe kuuliza, wameahidi kuangalia stoo. Wakikosa, nabeba zangu. Kanuni inaruhusu fimbo 14 kwenye mfuko. Mimi ninazo sita, na sioni kazi ya nyingine. Fundi turubai wa Mwaloni ameshachukua vipimo, Ijumaa naufuata mfuko.