Nilivyoitwa muuza chang'aa juu ya konokono

Nianze na bei kwa sababu bado inaniuma. Kwenda Mombasa nililipa 1,300, kurudi nikaambiwa 2,000 ati shule zimefungwa, na hio ni basi ya usiku ambayo kiti hakilali, ya kuchajia simu imekufa, na hewa yote ni dirisha la jirani ambaye anasikia baridi. Pesa ya utafiti inataka risiti, konda haandiki risiti ya nyongeza, kwa hivyo hio 700 imetoka kwa mfuko wangu na Profesa hataki hata kuisikia.

Nilikuwa nimeenda kuokota konokono. Usicheke. Watu wa ploti yetu Dandora, Nairobi, wakisikia nasoma shahada ya pili wanajua ni mambo ya hospitali ama kompyuta, mamangu amechoka kueleza, akiulizwa anasema tu "anasomea bahari," na bahari yenyewe iko karibu kilomita mia tano. Siku nne za Mombasa na Gazi sitazieleza, ilikuwa kuinama na kuungua shingo, dafu la mia kwangu na hamsini kwa wenyeji, mi nikifungua mdomo tu wanajua huyu ni wa bara.

Isipokuwa asubuhi moja. Ilikuwa bamvua, zile siku maji hujaa na kupwa kupita kawaida, yamekupwa kabisa ikikaribia saa nne, mwamba wote uko nje, nami niko magoti chini na kijikopo, mzee mmoja mvuvi akaja akasimama juu yangu.

"Mwanangu, watafuta nini hapo? Hao hawaliki."

"Shikamoo mzee. Nawachunguza tu."

"Marahaba. Wawachunguza nini?"

Sasa unaanza wapi? Mzee wa umri wa babu yangu, kofia yake imekaa vizuri, na mi nataka kumwambia natafuta konokono wa kike walioota uume. Nikazunguka mbali. Nikamwambia meli zilikuwa zinapakwa chini rangi yenye sumu ya bati, inaitwa tribiyutiltini, ili mwani na vidudu visishike, maana meli ikishikwa inakuwa nzito na inakula mafuta. Hio sumu inavuja kwa maji kidogo kidogo, na hawa konokono wanaotoboa makombe ya wenzao na kuwala, hata nanogramu moja kwa lita, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu, inaweza kuwavuruga.

"Kuwavuruga vipi?"

"Jike anaota... kitu cha dume, mzee."

Akanyamaza. Akaangalia kikopo. Halafu akacheka mpaka akashika kofia, akaita mwenzake aliyekuwa mbali na dema, ule mtego wa samaki, begani aje asikie, ikabidi nirudie tena kwa sauti. Alipomaliza kucheka akasema yeye chombo chake ni deheni na sifa tangu kwa babake, yaani chokaa na shahamu, na mafuta ya papa, na hajaona konokono akilalamika.

Mwenzake ndo alikuwa na maswali. Kumbe wanazaa? Nikamwambia hapo ndo shida, kuna aina Uingereza, Nucella lapillus, ambaye jike akizidiwa na sumu ile njia ya mayai inazibwa kabisa, mayai yanakwama ndani na anakufa nayo. Waligundua majike wa namna hio Plymouth mwaka 1970 hata kabla hawajajua ni rangi. Mkataba wa dunia wa kuikataza ukaja 2001 na kuanza kufanya kazi Septemba 2008, lakini matope ya bandarini hayasomi mikataba, sumu inakaa humo miaka na miaka, ndo maana bado tunainama hapa. Halafu nikawapa ile ninayoipenda mwenyewe, ya Dumpton, huko Kent. Kuna konokono wa huko wana kasoro ya kurithi, dume anazaliwa na uume mdogo ama hana kabisa. Ungesema huo ukoo umekwisha. Sumu ilipokuja, majike wa ukoo huo njia zao hazikuziba, wakaendelea kutaga wakati majirani wanaisha.

"Basi kilema chao ndicho kilichowaokoa," mzee akasema, na hio ni bora kuliko sentensi yoyote iliyo kwa tasnifu yangu.

Haya, basi. Nilikuwa na mizigo miwili. Boksi ya barafu yenye konokono hai wamefunikwa kitambaa chenye maji ya chumvi, na begi lenye vichupa vya vipande vya nyama ndani ya ethanoli, ile spiriti kali ya maabara, za kutoa DNA, pamoja na chupa ya lita moja ya ethanoli ya akiba. Ethanoli ya asilimia 96. Unaona hii inaelekea wapi.

Kufika Mtito Andei saa nane usiku, kila mtu ameshuka kwa chai, mi nimebaki kulinda mali. Wakarudi. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akanusa, akanusa tena, akasema kwa sauti ya kanisani, "Kuna mtu humu amebeba pombe." Kifuniko kilikuwa kimelegea. Nikaangalia begi, limelowa pembeni, na harufu ndo hio imejaa basi nzima. Konda akaja na tochi ya simu.

"Sista, hii ni nini?"

"Ethanoli. Ni ya maabara."

Akafungua, akaweka pua, macho yakatoka machozi. "Hii ni chang'aa. Na ni kali."

Basi likagawanyika. Kuna kijana alisema nionewe huruma maisha ni magumu. Kuna jamaa wa tai alieleza watu wote jinsi binamu yake alivyopofuka na pombe haramu ya kumi kumi. Mwingine nyuma kabisa aliuliza kama nauza kwa glasi. Nilitoa barua ya chuo, konda akaisoma kwa ile tochi, akaniambia barua hata yeye anaweza kuandika. Akataka kuona boksi. Nikafungua. Akamulika, akaona konokono sitini na nne wamejibana, akaruka nyuma akakanyaga mtu. Mama wa nyuma akasema sasa ameelewa, hio ndo dawa na hao ndo wa kuchanganya nayo.

Mwisho wa kesi, lita yangu ikamwagwa kando ya lami hapo Mtito, dereva mwenyewe akisimamia kama shahidi, vichupa vidogo nikaachiwa baada ya yule kijana wa huruma kuniombea. Lita moja ya ethanoli safi si bei ya chai, hio pia andika kwa mfuko wangu.

Kumbe kwa hasira sikufunga boksi vizuri. Wale konokono hai walikuwa wa mikoko ya Gazi, Cerithidea decollata, na tabia yao ni hii: maji yakipwa wanashuka matopeni kula, na kabla maji hayajajaa wanapanda shina la mkoko, hawangoji maji yawaguse, wana saa yao ndani. Na siku za bamvua maji ya Mombasa hujaa mida ya saa kumi. Sasa tuko karibu na Emali, saa kumi kasoro, bahari iko zaidi ya kilomita mia tatu nyuma yetu, watu wanakoroma, na yule mama akapiga nduru moja ambayo hata dereva alipiga breki. Konokono alikuwa shingoni pake. Wengine wako kwa pazia, wengine mgongoni mwa kiti, wote wanapanda juu pole pole bila wasiwasi. Mi nasema walikuwa wanafuata saa yao ya Gazi.

Nilitambaa chini ya viti na tochi nikiomba msamaha kiti kwa kiti. Jamaa wa tai alinisaidia, tena kwa bidii, alinishikia wanane kwa leso. Mama nilimwambia "pole sana mama" mara kumi hivi, akanijibu "Mungu anakuona, msichana," lakini baadaye akaniuliza kama wanauma.

Kulipopambazuka tuko Athi River, sikulala tena. Nilikuwa nafikiria basi zima lilivyonusa lita moja ya ethanoli na kutaka kunishusha, na sisi Dandora tumelala kando ya jaa na mto wenye harufu miaka yote na hakuna basi imesimamishwa. Ule Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unakutana na Tsavo unaitwa Galana, Galana unageuka Sabaki, na Sabaki unamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Yaani uchafu wetu unaenda pwani bila nauli ya sikukuu. Mamangu anasema nasomea bahari ya watu, na mi nilikuwa nakubali.

Nilihesabu nikifika maabara: sitini na mmoja. Watatu hawapo. Nikamwandikia Profesa "walipotea safarini" na sikueleza.

Wiki mbili baadaye simu ikaingia, namba siijui. Ni konda, namba yangu aliitoa kwa tikiti. Amepata mmoja chini ya kiti cha 23, amekauka lakini anafikiri ni mzima, na amemweka kwa glasi ya maji ya chumvi ya jikoni. Alitaka kujua kama ni wangu, na kama ni wangu, nitalipa mzigo ama nauli ya mtu mzima.