Sentimita 150

Dada yangu amesahau tepu yake kwangu. Iko hapa mezani, imejikunja. Namba za mwanzo zimefutika kwa kushikwashikwa, lakini mwishoni bado inasomeka vizuri: 150.

Yeye ni fundi cherehani. Mwaka 2020, korona ilipoenea na Shirika la Afya Duniani liliposema watu wakae mbali angalau mita moja, na nchi nyingine zikasema mbili, ndipo nilipoielewa tepu hii. Huwezi kumpima mtu kifua ukiwa mbali naye. Lazima umzungushie mikono na uinamie karibu na bega lake, na pumzi zenu zichanganyike hata kama hamjuani.

Siku zile serikali ilikuwa imefunga shughuli, nasi tulinuniana wiki nzima, mimi naye. Alinipigia akaniuliza, "Mdogo wangu, unaonaje, wafungue au wasifungue?" Nikamjibu haraka, kama mtu aliyekariri: wasifungue, uhai kwanza, pesa hutafutwa. Akanyamaza kidogo. "Hutafutwa wapi, nami nimefungiwa? Wewe mshahara unaingia ungali na nguo za kulalia." Akakata simu.

Nilikasirika, na hasira yenyewe ilitokana na kwamba alisema kweli. Nilikuwa nafanya kazi sebuleni kwa kompyuta. Kufungwa kwa shughuli kulinigharimu kero tu, na yeye kulimgharimu kila kitu. Tena si yeye peke yake. Aprili ile Shirika la Kazi Duniani lilionya kwamba watu bilioni 1.6 walio katika ajira zisizo rasmi, karibu nusu ya wafanyakazi wote duniani, wako hatarini kupoteza riziki. Mimi nilikuwa upande mwingine wa hesabu hiyo, nikiwapimia wenzangu dawa ambayo sinywi.

Lakini dada anaishi na mama, na mama ana pumu. Kila mteja ambaye angeingia kwa dada, angeingia pia chumbani kwa mama. Hilo naye alilijua kuliko mimi. Aliponuna hakuwa akitetea kufungua. Alichotaka ni mtu wa kukiri kwamba njia zote mbili zilikuwa zinapita juu ya mgongo wake.

Katika kukosa usingizi nikaanza kusoma habari za homa ya mafua ya mwaka 1918. Septemba 28 mwaka huo, jiji la Philadelphia, Marekani, liliruhusu gwaride la kuchangisha fedha za vita, na watu wapatao 200,000 wakajaa barabarani ugonjwa ukiwa umeshaingia. Baada ya siku chache hospitali zilifurika. St. Louis, jiji jingine la huko, iliwahi mapema kufunga shule, kumbi za maonyesho na makanisa, na kilele cha vifo vyake kwa wiki kikawa kama sehemu moja ya nane ya kile cha Philadelphia, kwa kulinganisha idadi ya watu. Nilitaka kumtumia dada habari hiyo ili nimshinde. Bahati nzuri niliendelea kusoma. St. Louis nayo ililegeza, vifo vikapanda tena, wakafunga mara ya pili. Hata waliofanya vizuri hawakujua siku sahihi ya kufungua.

Wangeijuaje? Mtu akiambukizwa korona siku zile, kwa kawaida dalili zilikuja baada ya siku tano au sita, wakati mwingine hadi 14, na kama alikuwa wa kufa, alikufa baadaye zaidi. Takwimu anayosomewa waziri asubuhi ni moshi. Moto wenyewe uliwaka wiki mbili nyuma, na pengine umeshahamia nyumba ya pili. Siku hizi nawaonea huruma kidogo waliokaa kwenye viti vile. Kidogo tu, maana wapo waliofunga watu ndani bila kuwapa chochote, kisha wakashangaa wametoka. Ukimwambia mtu akae nyumbani bila kumlipia huko kukaa, umemkabidhi njaa yako aibebe.

Halafu ile mizani yenyewe tuliyoizoea, uchumi huku na afya kule, haikuwa sawa. Mwaka huohuo watoto milioni 23 duniani walikosa chanjo za kawaida, milioni 3.7 zaidi ya mwaka uliotangulia, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Hao uwaweke upande gani wa mizani?

Kufungua kulikuja, na hapo ndipo tulipopata somo ambalo hatukulitarajia, mimi na dada sote wawili. Siku ya kwanza alifagia, akatia mafuta cherehani, akaweka maji na sabuni mlangoni. Hakuja mtu. Siku ya pili pia. Ruhusa ilikuwepo na wateja hawakuwepo. Wakati huo kule Marekani, wanauchumi wawili, Austan Goolsbee na Chad Syverson, walikuwa wamefuatilia taarifa za simu za mkononi kuona watu wanavyoingia madukani na kwenye ofisi za huduma. Idadi ya wateja ilikuwa imeporomoka kwa asilimia 60, na amri za serikali zilieleza pointi 7 tu kati ya hizo. Sehemu kubwa iliyobaki walijifungia wenyewe, kwa hofu.

Nilimsomea dada utafiti huo kwenye simu. Akacheka. "Kwa hiyo tumenuniana bure? Mlango ulifungwa na mteja." Tangu hapo sijawahi kuusikia mjadala wa kufungua na kufunga kwa masikio yaleyale. Tulibishana kuhusu ufunguo wakati woga ndio ulioshika kitasa, na woga hautii tangazo. Unapungua maambukizi yakipungua, mtu akiona jirani yake amekwenda na amerudi mzima. Nadhani ndiyo maana sikuwaelewa kabisa waliotaka kuharakisha kufungua kwa ajili ya biashara huku wodi zimejaa. Biashara ipi, na nani anaiendea?

Sisemi kwamba kusubiri ni rahisi kwa anayesubiri akiwa na deni. Ila kusubiri kule kulikuwa na maana, kwa kuwa Desemba 8, 2020 Uingereza ilianza kuwachanja watu wake, na aliyefikishwa salama hadi sindano ile alikuwa amenunuliwa muda. Mama alifika. Wapo majirani wa umri wake ambao hawakufika.

Mteja wa kwanza wa dada alikuja siku ya tisa, mama mmoja aliyetaka gauni. Wote wawili walivaa barakoa. Dada alimpima akiwa nyuma yake, dirisha wazi, bila kutamka namba hata moja. Aliziandika kiganjani kwa kalamu ili asifungue mdomo. Walimaliza chini ya dakika mbili, anasema, na mama yule akatoka mbio hadi uani.

Gauni lilipokamilika likambana kifuani. Muda wote aliokuwa akipimwa hakuvuta pumzi.