Sekunde 26 Mlimani Shap

Mzee aliyeketi mbele yangu hakutazama mandhari kwa zaidi ya nusu saa. Mkono wake wa kushoto ulishika saa ya kuhesabia sekunde, wa kulia ulishika penseli, na macho yake yalivizia vibao vidogo vilivyosimikwa kando ya reli kila baada ya robo maili, yaani takriban mita 402. Kila kibao kilipopita dirishani alibonyeza saa, akaandika tarakimu daftarini, akakisubiri kingine. Nilipomwomba anieleze, aligeuza daftari lake upande wangu, akasema kwamba ukigawa 900 kwa idadi ya sekunde ulizozipata, jibu ni mwendo wa treni kwa maili kwa saa. Kisha akanihimiza nisikilize kwa makini, kwa sababu mlima ulikuwa unakaribia, na kwenye mlima, alisema, sikio huitambua habari kabla ya saa.

Nilikuwa nimeingoja safari hiyo kwa miezi mingi. Ni safari ya mzunguko wa siku moja kaskazini mwa Uingereza: treni huvutwa kwa mvuke kutoka Carnforth, hupanda mwinuko wa Shap hadi Carlisle, na jioni hurudi kusini kwa njia nyingine, ile ya Settle, ambayo nayo hupanda milima kwa namna yake. Ninaipenda kwa sababu kwa siku moja humwezesha abiria kulinganisha majibu mawili ya swali lilelile, yaani treni nzito ivukeje milima, na kuyapima majibu hayo kwa mwili wake mwenyewe akiwa kitini.

Carnforth ilikuwa mahali pa kufaa kuanzia, kwa kuwa karakana yake ya injini ilikuwa miongoni mwa zile za mwisho kabisa kuhudumia injini za mvuke za shirika la reli la taifa, hadi Agosti 1968. Injini yetu ilikuwa 46233 Duchess of Sutherland, iliyoundwa Crewe mwaka 1938 kwa usanifu wa William Stanier, nyekundu kama damu ya mzee, yenye silinda nne na magurudumu sita ya kuendeshea, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 2 na zaidi kidogo. Nilitembea hadi mbele kuitazama kabla hatujaondoka. Gurudumu lilinifika kichwani na kupita. Matone ya maji ya moto yalidondoka kutoka chini ya silinda na kuchora duara jeusi kwenye kokoto, na kila baada ya muda mfupi pampu ya breki ilivuta pumzi kama mtu aliyelala usingizi mzito. Dereva aliinama kati ya mitaimbo ya kuzungushia magurudumu akiwa na kikebe cha mafuta, akaweka kiganja chake juu ya bearingi moja baada ya nyingine, akakiacha hapo kidogo kila mara, kama mama anayepima homa ya mtoto.

Tulipoondoka, niliweza kuzihesabu pumzi za bomba la moshi: nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Baada ya dakika chache zilikuwa zimeungana kuwa mngurumo mmoja, na sikuweza tena kuhesabu chochote.

Njia hii ya kwanza ilifunguliwa Desemba 1846, na mhandisi wake alikuwa Joseph Locke. Locke hakupenda mahandaki. Yaligharimu fedha nyingi na yalichukua muda mrefu kuchimbwa, naye aliamini kwamba injini zingeendelea kuwa na nguvu zaidi mwaka hadi mwaka, hivyo aliona ni afadhali kuipandisha reli juu ya ardhi ilivyo na kuziachia injini kazi ya kupambana nayo. Akaivusha njia milima ya Shap bila handaki hata moja. Waliolipa gharama ya uamuzi huo ni watu wa injini: kutoka kijiji cha Tebay, kwa umbali wa kilometa sita na nusu hivi, reli hupanda mita 1 kwa kila mita 75 za kwenda mbele, hadi kileleni kwenye kimo cha mita 279.

Anayesafiri kwa gari la barabarani ataona mwinuko huo ni mdogo mno. Kwa reli ni jambo jingine. Treni yetu, pamoja na kichwa chake, ilikuwa na uzito wa karibu tani 600; kwenye mwinuko wa 1 kwa 75, uzito huo huivuta treni nyuma kwa nguvu ya tani 8, mbali na msuguano na upepo. Na katika tani hizo 600, ni takriban 67 tu zinazokalia magurudumu sita ya kuendeshea. Hicho ndicho kishiko chote kilichopo: vipande sita vya chuma, kila kimoja kikigusa reli kwa eneo dogo kuliko kiganja cha mtoto, chuma juu ya chuma, na siku hiyo manyunyu yalikuwa yameanza kunyesha.

Kabla ya Tebay reli hulala karibu tambarare ndani ya bonde jembamba la mto Lune, sambamba na barabara kuu ya M6, na hapo ndipo dereva hukusanya mwendo wa kupandia. Zamani palikuwa na mfereji wa maji uliolazwa katikati ya reli, mahali paitwapo Dillicar, na treni ziliteka maji humo bila kusimama. Leo hakuna tena mfereji huo. Mzee aliandika 14, maana yake kilometa 103 kwa saa, kisha akainua penseli na kuninyoshea dirisha, kwa ishara tu.

Sauti ilibadilika kabla ya tarakimu. Dereva alikuwa amefungua mvuke zaidi, na ule mngurumo uliokuwa laini ukawa mkavu, wenye makali, kama nguo nzito inayochanwa bila kukoma. Sakafu ilianza kutetemeka chini ya viatu vyangu. Mzee akaandika 17. Kilima cha upande wa kulia kikaturudishia kishindo, hata ikawa kama kuna injini mbili. Akaandika 21, halafu 24. Moshi uliangukia madirisha, ukaondoka, ukarudi. Na mahali fulani kati ya vibao viwili, sauti ikakatika ghafla na badala yake ukaja mlio wa haraka, wa fujo, wa magurudumu yanayozunguka bila kushika. Behewa zima lilinyamaza. Naamini haikuzidi sekunde mbili. Dereva alifunga mvuke, akamwaga mchanga juu ya reli mbele ya magurudumu, akafungua tena polepole, na zile pumzi zikarudi, moja, mbili, tatu, nzito na zenye hakika, nami nikagundua kwamba nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mzee akaandika 26 na kuipigia mstari chini. Ni kilometa 56 kwa saa. Haikushuka zaidi ya hapo.

Enzi za mvuke, treni nzito zilisimama Tebay ili ziongezewe injini ya kusukuma kutoka nyuma, na kijiji kizima kiliishi kwa kazi hiyo. Lakini aina hii ya injini iliundwa kwa ajili ya milima hii hasa. Februari 1939, injini ndugu ya hii yetu, Duchess of Abercorn, ilivuta mabehewa 20 yenye tani 605 kati ya Crewe na Glasgow, na katika majaribio hayo ikapimwa ikitoa nguvu farasi 3,333. Wachochea moto wawili walitupia makaa ya mawe kwa koleo, kwa mikono yao. Nilikuwa nikiijua tarakimu hiyo tangu zamani. Uzito wake niliuhisi siku hiyo.

Carlisle tulipumzika saa chache, na sina mengi ya kuyasema kuhusu mapumziko hayo.

Njia ya kurudia ilijengwa na kampuni ya reli ya Midland kati ya 1869 na 1876, wakati mantiki ya Locke ilikuwa imekwisha kupata wapinzani. Kampuni hiyo ilitaka treni zake za mwendo kasi zishindane na za Shap, ikaweka sharti kwamba mwinuko usizidi 1 kwa 100, na ili sharti hilo litimie ikabidi milima itobolewe na mabonde yarukwe. Zaidi ya kilometa 115 za reli, mahandaki 14, madaraja marefu ya matao zaidi ya 20, karibu yote kwa sururu, koleo, baruti na mabega ya wanaume wapatao 6,000 walioishi na familia zao katika vibanda vya nyikani. Wengi walikufa kwa ajali na kwa ndui, na makaburi ya kanisa dogo la Chapel-le-Dale yalilazimika kupanuliwa. Siwezi kupita njia ile bila kuwakumbuka, na nadhani haifai kuipita bila kuwakumbuka.

Appleby tulisimama kujaza maji. Behewa la makaa hubeba pia maji, lita 18,000 hivi, kiasi ambacho injini ya namna hii hukimaliza upesi inapopanda. Mchochea moto alikuwa juu yake akisogeza makaa mbele, uso mweusi isipokuwa macho, na joto la tanuru lilinifikia nilipokuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake.

Kutoka hapo kuna kilometa zaidi ya 25 hadi kilele cha Ais Gill, kwenye kimo cha mita 356, nyingi zikiwa kwenye ule mwinuko wa 1 kwa 100. Safari hii mzee alinikabidhi saa, akabaki na penseli. Nilisoma, yeye akaandika: 22, 22, 23, 22, 23, 23. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti yenyewe. Shap hupandwa kwa mbio. Treni huingia na akiba ya mwendo, mlima huila akiba hiyo, na swali ni kama kilele kitafika kabla haijaisha. Ais Gill hakuna akiba ya kutosha. Mwendo ulionao ni ule unaoutengeneza sasa hivi, koleo kwa koleo, na mchochea moto akilegea leo hii kwenye kilometa ya nane, dereva ataona mvuke umepungua kwenye ya kumi na mbili. Pumzi za injini zilibaki zilezile tulipovuka daraja la Smardale, tukaingia handaki la Birkett, tukatokea kwenye bonde la Mallerstang huku mlima Wild Boar Fell ukiwa umefunikwa mawingu upande wa kulia. Hakuna aliyeongea. Watu walikuwa wamesimama milangoni wakisikiliza, kama jamaa waliofika kumsikiliza msomaji mzuri.

Kileleni mvuke ulifungwa, na ukimya ulikuwa mkubwa hata nikasikia matone ya mvua juu ya paa. Tulipita Dent, stesheni iliyo juu kuliko zote katika njia kuu za England, kisha handaki la Blea Moor lenye mita 2,404, na mara tukawa juu ya matao 24 ya daraja la Ribblehead, mita 32 kutoka ardhini. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa kuifunga njia hii, na gharama ya kulikarabati daraja hilo ilikuwa hoja kubwa ya waliotaka ifungwe. Watu waliipigania kwa miaka, hadi Aprili 1989 serikali ilipokataa kuifunga.

Baada ya hapo ni mteremko tu hadi Settle, kilometa nyingi za harufu ya breki. Mzee alinipokea saa yake, akaifunga ndani ya kitambaa, akaweka penseli mfukoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akageuza uso wake dirishani. Mlima Pen-y-ghent ulikuwa umejitokeza upande wa kushoto, kichwa chake nje ya ukungu. Tuliutazama pamoja mpaka reli ilipopinda.