JLA/Avengers: panaposhika na panapolegea

Jumapili, usiku

JLA/Avengers ni katuni inayowakutanisha Justice League of America (JLA), timu ya mashujaa wa kampuni ya DC, na Avengers wa kampuni ya Marvel. Matoleo manne, kurasa 48 kila moja. Maandishi ya Kurt Busiek, michoro ya George Pérez, rangi za Tom Smith. Toleo la kwanza lilitoka 2003, la mwisho likafika 2004. Jina lenyewe linapokezana: la 1 na la 3 yanaitwa JLA/Avengers, la 2 na la 4 Avengers/JLA, hivyo kila kampuni ikatangulia mara mbili. Usawa huo wa kupimiana kwa mizani umo hadi ndani ya hadithi, na kwangu ndio chanzo cha uzuri wake na cha udhaifu wake pia.

Nianze na uzuri. Busiek hakuchukua mashujaa wa kampuni mbili akawatupa uwanjani wapigane tu. Alizichukua dunia mbili zenyewe akazigonganisha. Katika dunia ya DC shujaa anajengewa jumba la makumbusho na watu wanamshangilia barabarani. Katika dunia ya Marvel, mtu aliyezaliwa na nguvu za ajabu anafukuzwa na umati wenye hasira. Superman anapovuka na kuona Doctor Doom, mwovu mkubwa wa Marvel, bado anatawala nchi yake ya Latveria, anauliza Avengers wamekuwa wakifanya nini miaka yote hii. Captain America naye anaona makumbusho na shangwe, akili yake inakwenda moja kwa moja kwa watu wanaojifanya miungu. Ugomvi huo una mizizi. Kila mmoja ana haki upande wake, na msomaji hajui amtetee nani.

Mipaka ya dunia hizo inagusa hata miili yao. Flash akivuka anapoteza kasi, kwa kuwa chemchemi ya kasi yake haiko upande wa Marvel. Scarlet Witch, mchawi wa Avengers, kinyume chake, akifika upande wa DC anazidiwa na nguvu za vurugu anazozichota. Mwandishi wa hadithi za kukutanisha timu ana kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kumpa kila mtu sababu ya kuwapo. Hapa sababu imetokana na mahali aliposimama mhusika.

Halafu kuna uchaguzi wa maadui, ambao kwangu ni kazi ya fundi. Krona alitokea mara ya kwanza 1965 katika Green Lantern toleo la 40, kiumbe aliyetaka kuona ulimwengu ulivyoanza hata kama ni kwa gharama ya ulimwengu wenyewe. Grandmaster, mwenye kupenda kuwachezesha mashujaa kama kete, alitokea 1969 katika Avengers toleo la 69, na mchezo wake wa siku ile uliwakutanisha Avengers na Squadron Sinister, kikosi kilichoundwa kwa kuigiza Justice League: Hyperion ni Superman, Nighthawk ni Batman, Doctor Spectrum ni Green Lantern, Whizzer ni Flash. Kwa hiyo mchezo wa 2003, ambamo Grandmaster na Krona wanashindana kwa kuzitumia timu hizi mbili, ni ule ule, ila safari hii vivuli vimeondolewa na wenyewe wameingia.

Udhaifu unaanza mchezo unapoanza. Timu zinashindana kusaka vitu 12 vyenye nguvu, sita kwa kila dunia: upande wa DC Spear of Destiny, Orb of Ra na vinginevyo, upande wa Marvel Ultimate Nullifier, Wand of Watoomb, Infinity Gauntlet na wenzake. Kumi na viwili ni vingi mno kwa matoleo mawili. Kila kitu kinataka mahali pake, walinzi wake na pambano lake, basi mapambano yanakuwa ya kuonja tu: fremu chache, ngumi, kitu kimechukuliwa, twende kwingine. Vingekuwa sita, vitatu kwa kila upande, kila pambano lingepata pumzi.

Ushahidi umo kwenye toleo la 2 lenyewe. Batman na Captain America wanakutana ana kwa ana. Wanapimana kwa mapigo machache, kisha wanasimama. Batman anakubali kwamba huenda mwenzake angemshinda, lakini ingechukua muda mrefu sana. Na wote wawili wanaona muda huo hawana. Wanaondoka pamoja kwenda kuchunguza nani anawachezesha. Hakuna ukurasa mzima wa ngumi unaokuambia zaidi kuhusu watu hawa.

Kasoro nyingine inaniuma zaidi. Katika matoleo mawili ya mwanzo Superman na Captain America ni wakali kupita kawaida yao. Baadaye tunaelezwa kwamba wamefungamana mno na dunia zao, ndiyo maana kuvuka kumewavuruga. Maelezo hayo yanaulinda wasifu wa wahusika, lakini yanaunyang'anya ugomvi ukweli wake. Swali la Superman lilikuwa swali halali. Kuligeuza kuwa homa ya safari ni kulikimbia.

Toleo la 3 ndilo linalogawa wasomaji. Linafunguka dunia zikiwa zimechanganyika na timu mbili zikiwa marafiki wa miaka mingi, kwa kufuata mtindo wa mikutano ya kila mwaka ya Justice League na Justice Society, timu nyingine ya mashujaa wa DC, iliyoanza 1963. Hakuna anayekuelezea; unaachwa uogelee. Kisha mashujaa wanaonyeshwa maisha yao halisi: kifo cha Barry Allen aliyekuwa Flash, anguko la Hal Jordan aliyekuwa Green Lantern, watoto wa Vision na Scarlet Witch waliopotea. Wanajua kinachowangoja, na bado wanachagua kuzirudisha dunia zilivyokuwa. Ni uamuzi mzito kuliko yote kitabuni, lakini uzito wake umewekwa kwenye picha ndogo ambazo mgeni ataziruka. Kama muda ni mdogo, soma kwanza Crisis on Infinite Earths toleo la 8 la 1985 na Green Lantern 48 hadi 50 za 1994. Hayo manne yanatosha kulifungua.

Kuhusu michoro: usisome kwenye simu fremu moja moja. Pérez anajaza ukurasa mzima, na katika toleo la 4, ambapo wakati unayumba, mavazi na hata wanachama hubadilika kutoka fremu hadi fremu. Mabadiliko hayo huyaoni bila kuuona ukurasa wote. Ukipata matoleo ya awali yenye jalada laini, ni bora zaidi, maana yanafunguka vizuri kuliko kitabu kinene ambacho mshono wake humeza katikati ya picha. Toleo la jalada gumu nalo lina hazina yake: kurasa 21 alizochora Pérez 1983, kabla mpango wa kwanza haujavunjika kwa kutokuelewana kati ya kampuni hizo.

Kuhusu mwisho, Busiek alipatia. Superman anaingia vitani na ngao ya Captain America na nyundo ya Thor, ambayo huinuliwa na anayestahili tu, picha ambayo kila mtu anaikumbuka, lakini pigo la mwisho si lake. Flash anamshughulisha Krona, na Hawkeye, mtu asiye na nguvu yoyote ya ajabu, anaachia mshale mmoja wa baruti. Vita vikiisha Superman anajaribu tena kuinyanyua ile nyundo, na haiinuki.